Msovero kwa v, Msowero kwa w

Darasa la sita mwalimu wetu wa Historia alitufundisha ukoloni kwa maigizo. Carl Peters alikuwa mtoto wa mwalimu mkuu, kwa sababu ndiye peke yake aliyekuwa na viatu vyeusi vinavyong'aa. Chifu Mangungo hakupatikana kirahisi. Kila aliyeteuliwa alikataa, mwishowe akalazimishwa mvulana mmoja mpole wa dawati la nyuma, akafungwa khanga begani na kupewa kalamu. Mimi nilikuwa mkalimani. Sikupewa neno la kusema. Kazi yangu ilikuwa kusimama katikati, kumgeukia huyu na kumgeukia yule, na kutikisa kichwa kama mtu anayeelewa lugha zote mbili. Mangungo alipochora msalaba kwenye karatasi ya daftari, darasa zima liliangua kicheko, na yule mvulana akaitwa Mangungo mpaka alipomaliza la saba.

Tulikuwa Kimamba, wilaya ya Kilosa. Msovero iko wilaya hiyo hiyo, kwenye barabara ya kwenda Dumila, na wengi wetu tulikuwa tumepita hapo kwa basi. Lakini vitabuni iliandikwa kwa v, na makondakta waliita Msowero, kwa w, na kichwani mwangu hizo zilikuwa sehemu mbili: moja ya kushukia, nyingine ya mtihani.

Agosti 2024 nilitoka Iringa, ninakofundisha, kwa wito wa mjomba. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: "Mjomba, ile barua imekuja. Njoo."

Njia niliyoichagua ni ya Mikumi. Basi la Dar es Salaam liliniacha hapo mchana, na ilibidi nisubiri gari la Kilosa kwa zaidi ya saa mbili. Mikumi ni mji wa kusubiri. Malori ya Zambia yanapumzika, abiria wanakula chipsi mayai, na watalii wanapita na vioo vimefungwa. Jina limetokana na mikumi yenyewe, ile mitende mirefu yenye tumbo katikati ya shina. Hifadhi ilitangazwa mwaka 1964, na barabara kuu inaikata katikati, kiasi kwamba abiria wa basi la kawaida anaweza kuona twiga bila kulipa kiingilio. Uwanda wanaokwenda kuupiga picha, Mkata, ndio ule ambao Henry Morton Stanley aliuvuka kwa taabu mwaka 1871 wakati wa masika, akiwa na wapagazi wake ndani ya maji na matope, akimtafuta Livingstone. Kwenye maandishi yake ni kinamasi cha mateso. Kwenye vipeperushi vya leo ni paradiso. Nadhani wote wawili wamesema kweli, ila mmoja alikuja Aprili na wengine huja Agosti.

Kutoka Mikumi kwenda Kilosa unapita kijiji kinachoitwa Ulaya. Kila mgeni hucheka, na kila dereva ana utani wake wa viza. Wa kwetu alisema, "Anayeshuka Ulaya aandae pasipoti," na mama mmoja mwenye kuku wawili akashuka.

Kilosa iko pale ambapo tambarare inakwisha na milima ya Usagara na Ukaguru inaanza. Mto Mkondoa unatoka katika milima hiyo kupitia bonde jembamba, na bonde hilo ndilo sababu ya mji kuwepo. Ukitaka kutoka pwani kwenda bara bila kupanda milima mikubwa, hapa ndipo mlango ulipo. Misafara ya pembe na watumwa iliupita. Burton na Speke waliupita mwaka 1857. Reli ya Wajerumani, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Morogoro 1907, ilifika Kilosa 1909, ikaufuata mto huo huo kupanda Kidete na Gulwe hadi Dodoma, na mwisho Kigoma mwaka 1914. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja, majeshi ya Jenerali van Deventer yaliteremka kwa bonde hilo hilo kutoka Mpwapwa, na tarehe 22 Agosti 1916 yakaingia Kilosa. Sasa reli ya kisasa nayo imepita hapa, ikitoboa milima kwa mahandaki pale ambapo ile ya zamani ilizunguka kando ya maji. Treni za umeme zilikuwa zimeanza kwenda Dodoma wiki chache tu kabla ya safari yangu, na Kilosa nzima ilikuwa bado inazihesabu zikipita.

Kuzunguka kando ya maji kuna gharama yake. Mwishoni mwa Desemba 2009 Mkondoa ulivunja kingo zake, maelfu ya watu wakahamia kwenye mahema, na reli kati ya Kilosa na Gulwe ikasombwa vibaya hata safari za treni zikasimama kwa miezi. Mjomba wangu alipoteza nyumba katika mafuriko yale. Ndipo tulipohitaji pesa, na ndipo hadithi ya karatasi inapoanzia, ingawa karatasi yenyewe ilikuja baadaye. Lakini kwanza nimalize na ile nyingine, ya Mangungo, maana nilipokuwa kwenye gari la Kilosa ndiyo niliyokuwa nikiifikiria.

Carl Peters alipofika Zanzibar, Novemba 1884, alikuwa na umri wa miaka 28. Hili halikusemwa darasani kwetu. Yule mtoto wa mwalimu mkuu aliigiza mzee mwenye kitambi. Peters alikuwa kijana mwenye shahada ya udaktari wa falsafa, asiye na kazi ya maana, aliyekuwa ameanzisha chama cha ukoloni Berlin miezi michache kabla. Yeye na wenzake, Jühlke, Pfeil na Otto, walisafiri kwa majina ya bandia. Zanzibar wakakuta ujumbe kwamba serikali ya Ujerumani haiwapi ulinzi wowote. Wakavuka kwenda Saadani hata hivyo, wakaingia bara, na kwa muda wa wiki chache wakakusanya mikataba 12 katika Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami. Wa Msovero una tarehe ya 29 Novemba 1884. Wiki mbili kabla ya siku hiyo, Mkutano wa Berlin ulikuwa umefunguliwa. Mkutano ukafungwa tarehe 26 Februari 1885, na kesho yake, tarehe 27, Kaisari Wilhelm wa Kwanza akatia saini hati ya kuzilinda nchi hizo. Siku moja tu. Karatasi zilikuwa zimekwisha kufika mezani.

Nimeusoma mkataba wa Mangungo mara nyingi, kwa tafsiri, na nimewasomesha wanafunzi wangu. Kwanza unamwita Sultani. Mangungo hakuwa sultani wa kitu chochote. Ni Peters aliyehitaji sultani, kwa kuwa Berlin wasingekubali nchi iliyouzwa na mzee wa kijiji. Halafu unasema anaitoa ardhi yake yote, kwa wakati wote, itumiwe na chama cha Peters kwa ukoloni wa Kijerumani. Na alichoahidiwa yeye? Kwamba wakati wa kuikalia Usagara, Msovero itakumbukwa kwa namna ya pekee. Hayo tu. Wanafunzi wangu hudhani nawatania.

Kitu kinachonikera zaidi kimo katika kauli nyingine ya mikataba ile: kwamba mtawala, alipoulizwa waziwazi, alijibu hayuko chini ya Sultani wa Zanzibar, na hata hajui kama yuko mtu wa namna hiyo. Hebu fikiri. Misafara ya watu wa pwani ilikuwa imepita Usagara kwa miongo, na bendera nyekundu ya Sayyid Barghash mbele. Mtawala mwingine aliyetiwa katika mikataba hiyo hiyo, siku chache baada ya Mangungo, anaitwa Mwinyi Sagara. Mwinyi! Mtu anayebeba cheo cha Kiswahili cha pwani, halafu hajamsikia Sultani wa Zanzibar? Sentensi hiyo haikutoka kinywani mwa mtu wa Usagara. Iliandikwa na mtu aliyejua kwamba Barghash angelalamika, na kweli alilalamika, mpaka manowari za Kijerumani zilipotia nanga mbele ya kasri lake Agosti 1885. Iliandikwa kwa ajili ya msomaji wa Berlin. Mangungo hakuwa mmoja wa wahusika wa mazungumzo yale. Alikuwa mapambo yake.

Tena ardhi yenyewe haikuwa ya kutolewa hivyo. Wakaguru na Wasagara huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Ardhi ilikuwa ya ukoo, mkubwa wake ni mjomba, na mjomba huyo huigawa kwa walio hai akiwakumbuka waliokufa. Mtu mmoja kusimama na kusema "nakupa yote, milele" ni sentensi ambayo sidhani kama ilikuwa na mahali pa kukaa. Kilichofanyika kwa macho yao kilikuwa ugeni: vinywaji, zawadi, pengine udugu wa kuchanjana. Mgeni anapewa mahali pa kulima na kupumzika. Na kati ya ugeni na mkataba alisimama mkalimani. Jina lake limebaki kwenye hati: Ramazan. Hakuna mtoto wa shule anayemjua.

Na bado sisi tumelichukua jina la Mangungo tukalifanya tusi. Kila unapozuka mjadala wa mikataba, iwe ya madini au ya bandari, lazima mbunge au mchambuzi asimame aseme tusirudie ya Chifu Mangungo. Peters mwenyewe, aliyewanyonga Mabruk na Jagodja kule Kilimanjaro hadi serikali yake ikamfukuza kazi mwaka 1897, hatumtumii kama tusi. Tunamcheka aliyeibiwa.

Nilimcheka mimi pia, hadi mwaka 2014.

Bibi yangu, mama yake mama, ni Mkaguru. Babu alikuja kutoka Njombe akiwa manamba, mmoja wa maelfu walioletwa kukata katani. Zao lenyewe lilikuwa geni kama yeye: mwaka 1893 Dakta Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, ikafika hai 62 tu, na kutoka hiyo 62 yakazaliwa mashamba ya Tanga, Morogoro, Kimamba na Kilosa, yaliyoifanya Tanganyika mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani. Babu alifanya kazi ya kipande. Kadi ilitiwa alama kwa kila siku uliyomaliza kipimo chako, na usipomaliza, siku hiyo haikuwepo. Alikuwa akisema ameishi duniani siku chache kuliko umri wake. Serikali ilitaifisha sehemu kubwa ya mashamba mwaka 1967, bei ya katani ilikuwa imekwisha kuanguka kwa sababu ya kamba za plastiki, na kidogo kidogo yakageuka pori. Babu alibaki kwa bibi, kwenye ardhi ya ukoo wa bibi, ekari tisa kando ya shamba lililokufa.

Ekari tisa Kilosa si kitu kidogo. Watu wameuana hapa kwa ajili ya ardhi na malisho. Desemba 2000, kijijini Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Nilikuwa mtoto. Nakumbuka mama akituzuia kwenda mtoni, na jina la kijiji likisemwa kwa sauti ya chini kama jina la ugonjwa. Magazeti yaliandika Wamasai na wakulima, kana kwamba chuki ilikuwa ndani ya damu yao. Ramani ingesaidia zaidi: kati ya mkulima na mfugaji yalikaa maelfu ya ekari ya mashamba makubwa ambayo hayalimwi na hayalishwi, kila moja na hati yake kabatini mahali fulani.

Basi, 2014. Alikuja mtu na kampuni yake, sitaitaja, akitaka kukodi mashamba kwa miaka kumi. Mkataba ulikuwa wa Kiingereza, kurasa kumi na moja. Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, nipo nyumbani likizo. Mjomba akaniletea karatasi sebuleni, akazilaza mezani kwa mikono miwili. "Mjomba, wewe ndiye macho yetu."

Nilizisoma. Nasema kweli, nilizisoma, jioni moja, na kesho yake nikawaeleza: kodi ni kiasi hiki kwa ekari, inalipwa kila Januari, muda miaka kumi, visima haviguswi. Nilipofika kurasa za mwisho, zile zenye maneno marefu ya kisheria, nikasema, "Hayo mengine ni ya kawaida." Bibi aliniangalia. "Ya kawaida ndiyo yapi, mume wangu?" Nikacheka, nikamwambia ni mambo ya wanasheria tu, bibi. Akabonyeza dole gumba kwenye wino, akabonyeza kwenye karatasi, akajifuta kwa upindo wa khanga. Mimi nikatia saini kama shahidi. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri sana wakati huo.

Barua ya 2024 ilikuwa na aya mbili. Kwa mujibu wa kifungu cha 9, mpangaji anaongeza muda kwa miaka mingine kumi, kwa kodi ile ile. Kifungu cha 9 kilikuwa kwenye ukurasa wa kumi. Hakikuhitaji idhini ya mwenye shamba. Kilihitaji barua tu.

Hakuna aliyenilaumu, na afadhali wangenilaumu. Mjomba alisema ameshaonana na mwenyekiti wa kijiji, na wakishindwa hapo wataenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kwamba kuna jambo la mkataba ambao mwenye ardhi hakuuelewa. Aliniuliza kama nitakuwa tayari kusimama na kusema kwamba sikumfafanulia bibi. Nilijibu ndiyo. Ilinichukua muda kujibu. Mwalimu wa Historia, mbele ya baraza, aseme alitikisa kichwa tu.

Usiku ule bibi aliniita chumbani kwake. Ana zaidi ya miaka 80, macho yamefifia, lakini masikio yake hayajambo. Alikuwa na nakala ya mkataba chini ya mto. "Safari hii nisomee yote."

Nikaanza. Sentensi moja ya Kiingereza, kisha Kiswahili, na penye ugumu mjomba akisaidia kwa Kikaguru. Ilipofika saa nne usiku tulikuwa ukurasa wa tatu. Alinisimamisha kila mara. Mpangaji ni nani, mtu au kampuni? Kampuni ikifa, nani anarithi? Kwa nini hapa wameandika "ardhi" na pale wameandika "eneo"? Ni maswali ambayo sikuwahi kuyauliza nikiwa na miaka 22 na kamusi mezani. Ukurasa wa tano kulikuwa na neno ambalo mimi mwenyewe sikulijua, nikasita. Bibi akasema, "Hapo weka alama. Hapo ulipita mbio." Tulimaliza kesho yake saa sita mchana.

Niliondoka kwa njia ya Dumila, na Msowero nikashuka. Sikuwa na mpango wa kutafuta mnara wala kaburi. Nilitaka tu kusimama pale. Ni kijiji cha barabarani kama vingine: bodaboda chini ya mti, magunia ya mahindi yakisubiri lori, milima ya Ukaguru upande wa magharibi ikiwa na rangi ya moshi. Nikaingia kwenye kibanda cha mama ntilie, nikasalimia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wa wapi?"

"Kimamba. Ila nafundisha Iringa. Historia."

Akaacha kukoroga chai akanitazama. "Ninyi ndio mnaowafundisha watoto kwamba mzee wetu aliuza nchi?"

Nikasema ndiyo, ni sisi.

"Aliuza bei gani?" akauliza. "Maana hapa hela hatujaziona." Wanaume wa kwenye benchi wakacheka, naye akacheka, akanisogezea kigoda kwa mguu. "Kaa basi. Chai na maandazi mangapi?"